Nyumba Moja, Mh. Mbili

Mama mkwe wake alikuwa na sababu nyingi za kumchukia, na ungemlazimisha achague moja tu, angechagua mh. Ile sauti ya kufumba mdomo na kuitolea puani, ambayo sote tunayo lakini wengi wetu tunaitumia kwa adabu. Mkamwana wake aliitumia kama watu wengine wanavyotumia chumvi. Umwambie mchuzi umeungua, mh. Umwambie jirani kafiwa, mh. Umuulize kama ameiona ndoo, mh, na hapo wewe mwenye ndoo ujijue mwenyewe, kwa sababu hakuna maelezo yatakayofuata.

"Nimezaa, nimelea, nimezika mume," mama mkwe aliwaambia wageni. "Lakini sijawahi kutukanwa na mtu aliyefumba mdomo mpaka nilipoletewa huyu."

Wageni walicheka. Yeye hakuwa anachekesha.

Huyo mkamwana alikuwa mchora mabango. Neno lolote ulilolisoma mtaani pale, kwenye bati, ukutani au juu ya mlango, lilikuwa mkono wake: duka la dawa, fundi viatu, mbwa mkali, usikojoe hapa. Kazi aliifanyia katika chumba cha mbele cha nyumba ya familia, chumba chenye mlango wa mbao wa pande mbili unaofunguka barabarani. Mlango huo ndio uliokuwa roho ya kazi. Bati zima lilipita bila kukunjwa, mwanga ulifika mpaka ukuta wa nyuma, na ukiufunga vumbi lilibaki nje mpaka rangi ikauke. Mumewe ndiye aliyebomoa ukuta akaupachika mlango ule kwa mikono yake, muda mfupi kabla ya kuugua, na mkewe ndiye aliyemchanganyia saruji.

Saruji aliijua. Kabla ya ndoa alikuwa kibarua katika bohari la saruji, mmoja wa wanawake waliopiga chapa mifuko: unaweka bati lililotobolewa herufi, unapitisha brashi, unainua, mfuko mwingine. Huko ndiko alikojuana na herufi, na huko ndiko alikofumba mdomo. Vumbi la saruji likiingia kinywani linageuka tope, kwa hiyo wanawake wale walijifunga vitambaa usoni na kuongea kwa mh kutwa nzima. Fupi na nzito, ya kutoka kifuani, ilikuwa ndiyo. Ya kupanda ilikuwa unasemaje. Ya kuvutwa ilikuwa angalia, msimamizi anakuja. Na ile iliyoanzia juu ikakatwa ghafla kwa pumzi ya pua ilikuwa ya kumpa msimamizi mwenyewe, na hiyo sitaitafsiri hapa. Walimpa mbele ya uso wake, naye akipita akidhani anaitikiwa.

Akaolewa, akaacha bohari, na mdomo haukufunguka tena sawasawa. Watu wakimwona mtu asiyesema sana hupenda kumtafutia huzuni. Hapakuwa na huzuni. Aliona tu kwamba mengi wanayosema watu hayastahili jibu refu kuliko lile, na kwa jinsi ninavyowajua watu wa nyumba ile, hakukosea sana. Mumewe, ambaye alikuwa mtu wa kucheka, alizijua mh zote na alimjibu kwa hizo hizo, wakaongea hivyo wawili kwenye meza ya chakula mpaka mama yake akainuka na sahani yake akatoka nje.

Mume alipokufa, nyumba ilinyamaza kwa namna nyingine. Wanawake wawili wakabaki ndani ya kuta zile zile, mmoja anasema peke yake na mwingine anafumba mdomo. Mama mkwe alikuwa na jiko lake na mkamwana jiko lake. Chumvi moja ilikuwa na makopo mawili. Hata kamba ya kuanikia nguo walikuwa wameigawa kwa kitambaa chekundu kilichofungwa katikati, na ole wa soksi itakayoteleza ikavuka mpaka.

Jina la utani mchora mabango alipewa na kinyozi wa mlango wa pili. Kinyozi alikuja kuagiza bango, akaeleza kwa kirefu jinsi anavyotaka herufi zinenepe, akajibiwa mh. Akauliza litakauka lini, akajibiwa mh. Akasema basi nitapita, mh. Siku hiyo ubaoni kulikuwa na kazi ya mtu mwingine, Ofisi ya Mh. Hakimu, na rangi bado mbichi. Kinyozi akaitazama ile M na ile h, akamtazama mwenye brashi, akapiga makofi.

"Kumbe ndiyo maana," akasema. "Wewe ni Mheshimiwa, sisi tunakuchukulia poa."

Jina likashika kama rangi ya mafuta kwenye nguo. Wateja wakamwita hivyo, wauza maji wakamwita hivyo, mpaka walevi. "Mheshimiwa, bati langu limekauka?" Naye akajibu kwa ile fupi ya kifuani, ambayo wateja peke yao ndio waliokuwa wakiipata, wakaondoka wameridhika. Mama mkwe alilisikia jina hilo kutoka jikoni kwake na kila mara alisonya. Kwake yeye lilikuwa dharau juu ya dharau, mtu anatukana watu halafu anapewa cheo.

Sasa ingia shemeji.

Shemeji huyu alikuwa mdogo wake marehemu, dalali wa viwanja, mtu wa kupaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa. Yeye na mchora mabango walikuwa hawapikiki chungu kimoja tangu siku ya arusi, aliposema mbele ya watu kwamba kaka yake ameokota kibarua bohari. Akagombea udiwani. Mabango yake ya kampeni hakumpa shemeji yake, aliyachapisha kwa mashine mjini, na mvua ya kwanza ikamfuta pua. Pamoja na pua kufutika akashinda, na kuanzia hapo alitaka kuitwa Mheshimiwa na kila kiumbe kinachovuta pumzi.

Siku ya ushindi wapambe wake walimleta nyumbani kwa mama yake kwa shangwe. Yeye alibaki mlangoni mwa gari, mkono umeinuliwa tayari kupunga, akisubiri aitwe. "Mheshimiwa!" wakapaza sauti wote pamoja. Mlango wa pande mbili ukafunguka, akatoka mchora mabango na brashi mkononi, tone la bluu shavuni.

"Mh?" akauliza. Ile ya kupanda.

Mtaa ulicheka mpaka watu wakaegemea kuta. Kinyozi alitoka nje na mteja aliyenyolewa nusu kichwa ili naye apate kuona. Diwani aliushusha mkono wake polepole, na mimi nasema mambo yote yaliyofuata yalianzia kwenye mkono ule. Mtu wa aina ile unaweza kumwibia akakusamehe, lakini ukimfanya achekwe mbele ya wapiga kura wake, umemkosea yeye na ukoo wake mzima.

Jioni alimfuata chumba cha mbele, akasimama katikati ya makopo ya rangi kama mtu anayeogopa kuchafuka.

"Shemeji, hilo jina sasa uliache," akasema. "Nyumba moja haiwezi kuwa na Waheshimiwa wawili."

"Sikujipa."

"Basi wakikuita usiitike."

"Mh," akasema, na hii ilianzia juu ikakatwa na pua. Diwani akatikisa kichwa kwa kuridhika, akatoka. Alidhani ameitikiwa, kama yule msimamizi wa bohari.

Baada ya hapo akaitisha kikao cha familia. Walikaa sebuleni watu wanne: diwani mwenyewe, mama yake, mchora mabango, na baba mdogo, yaani mdogo wa baba mkwe, karani mstaafu wa mahakama aliyeombwa aandike muhtasari. Baba mdogo huyu alikuwa na sifa moja iliyomfikisha kwenye pensheni: aliandika kinachotamkwa, na hakuongeza hata pumzi. Shahidi akikohoa, aliandika amekohoa.

Diwani alisimama, ingawa hakuna anayesimama kuhutubia kwenye sebule ya mama yake. Aliongea juu ya wananchi. Wananchi walikuwa na shida, wananchi walihitaji mahali pa kumwona, wananchi hawangeweza kupita uani kwenye kuku. Akazunguka, akazunguka, akatua pale alipotaka.

"Kwa hiyo chumba cha mbele kitakuwa ofisi yangu," akasema. "Wewe, shemeji, utahamia banda la nyuma. Pale pana hewa. Unasemaje?"

Banda la nyuma lilikuwa la kuni. Mlango wake ulipitisha mtu kwa ubavu, mwanga uliingia kwa tundu la msumari, na kuku walilala humo. Huwezi kukausha hata herufi moja mahali kuku wanapokung'uta mabawa. Yeye alijua, mama mkwe alijua, na diwani alijua vizuri kuliko wote, kwa sababu ndiyo maana alilichagua. Mchora mabango alifikiria mlango wa mumewe, akafikiria uso wa yule mtu uliokuwa ukimngoja amsihi, akaona hamsihi wala hampi neno. Alimtazama tangu viatu mpaka kichwani.

"Mh," akasema.

Baba mdogo akaandika. Diwani akashukuru wote kwa ushirikiano, akafunga kikao. Mwanamke alirudi kazini akiwa na hakika kwamba amemtukana mtu vilivyo, na diwani akapanda gari lake akiwa na hakika kwamba amepewa chumba. Sijui kama alidanganyika au alijidanganya. Aliyezoea kupigiwa makofi hakosi kuyasikia.

Wiki iliyofuata akaja na wapambe wawili wenye misuli na bati jipya kabisa, bado lina karatasi yake.

"Shemeji, kazi ya kwanza ya ofisi mpya nakupa wewe," akasema. "Andika: Ofisi ya Mh. Diwani. M iwe kubwa."

Mchora mabango alikuwa amepiga magoti mbele ya bango la zahanati, akimalizia mstari wa mwisho, mkono umeegemezwa kwenye fimbo ili usitetemeke. Hakuinua kichwa mpaka alipomaliza herufi.

"Ofisi ipi?"

"Hii. Si ulikubali?"

"Nilikubali lini?"

Diwani akatoa karatasi ya baba mdogo mfukoni, akaikunjua kwa madaha. Ilikuwa na mwandiko safi wa mahakamani, na kwenye mstari wa tatu iliandikwa hivi: Chumba cha mbele. Mh.

"Soma," akasema. "Chumba cha mbele, Mheshimiwa. Mheshimiwa ni nani hapa?"

Alisoma. Maisha yake yote alikuwa ameandika herufi hizo mbili kwa wengine, na hakuwahi kufikiria kwamba zinaweza kumgeukia zikamng'ata. Kwenye karatasi mh zote ni moja. Hakuna ya juu wala ya chini, hakuna ya kifua wala ya pua, ni M na h zimesimama zinakutazama, na kila mwenye nguvu anazijazia anachotaka.

"Toka," akasema.

"Toeni vitu," diwani akawaambia wapambe.

Wakatoa. Walibeba mabati yaliyoandikwa na yasiyoandikwa, makopo, ngazi, uzi wa chaki, vyote vikatupwa uani. Bango la zahanati, bichi, lilianguka kifudifudi kwenye mchanga, na lilipoinuliwa lilikuwa na manyoya ya kuku katikati ya neno wajawazito. Tapentaini ikamwagika ikanyonywa na ardhi. Mchora mabango alichukua kigoda chake akakaa katikati ya mlango wa pande mbili, mguu mmoja ndani, mmoja nje, brashi yenye rangi nyeusi mkononi, na wapambe wakazitazama suti zao wakasita.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko lake, mikono kifuani. Aliona yote. Hakumkanya mwanawe, na hakumpa mkamwana wake hata maji ya kunywa.

Shauri likapelekwa kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti alikuwa fundi cherehani, na ofisi yake ilikuwa kibaraza chake, utepe wa kupimia shingoni, muhuri wa mtaa ndani ya kopo la vifungo. Alikuwa mtu wa kupenda amani kwa sababu kelele zilimharibia mshono. Alipoona diwani anateremka kwenye gari na mama yake, baba mdogo anakuja kwa miguu, mchora mabango amekaa tayari kwenye benchi, na nusu ya mtaa imejipanga barabarani, aliondoa mguu kwenye cherehani akavuta pumzi.

Diwani alianza, na alianza vizuri. Karatasi hii hapa, mwandishi huyu hapa. Chumba cha mbele, Mheshimiwa.

"Ngoja kwanza," akasema kinyozi kutoka barabarani, na hakuna aliyekuwa amemuuliza. "Mheshimiwa mtaani hapa ni huyu mama. Hata mtoto mchanga anajua. Kama karatasi imesema chumba ni cha Mheshimiwa, basi chumba ni chake na kesi imekwisha."

Watu wakaitikia kwa vicheko. Diwani akatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

"Hilo ni jina la utani," akasema.

"Lake amelipata kwa kazi," kinyozi akajibu, akarudi nyuma ya watu kabla hajajibiwa.

Mwenyekiti akamgeukia baba mdogo. "Mzee, wewe ndiye uliyeandika. Ulimaanisha Mheshimiwa yupi?"

"Sikumaanisha mtu," akasema baba mdogo. "Aliulizwa anasemaje. Akasema mh. Nikaandika mh."

"Mh ya kukubali au ya kukataa?"

"Mimi ni karani. Siwakubalii watu wala siwakatalii."

"Lakini uliisikia. Ilikuwaje?"

Baba mdogo akajinyoosha, akatoa mh kavu isiyo na rangi yoyote, kama anayesoma tarehe. Diwani akasema siyo, ilikuwa hivi, akatoa moja tamu ya kukubali, laini kama ya bibi arusi, na watu wakacheka tena lakini kwa uchache, kwa sababu sasa mambo yalikuwa yanafika penyewe. Mwenyekiti akashika tama.

"Basi aitoe mwenyewe," akasema. "Mama, hebu irudie kama ulivyoisema siku ile."

Hapo ndipo alipokwama. Mh haitoki kwa kuagizwa. Ile ya siku ile ilitoka yenyewe, kwa hasira, mbele ya uso uliostahili. Hapa alikuwa na hofu. Alijaribu. Ikatoka ndogo, ya chini, yenye kutetemeka, na mtu yeyote mwenye masikio angesema huyu amekubali. Alijaribu tena ikawa mbaya zaidi. Aliuona mlango wa mumewe umefungwa kwa kufuli la mtu mwingine, akajiona yeye bandani, anafukuza kuku.

"Mmesikia wenyewe," akasema diwani, akaketi.

Mwenyekiti alikuwa ameshainua kopo la vifungo kuutafuta muhuri. Diwani angenyamaza hapo, angelala na chumba. Lakini huyo alikuwa mtu wa kutaka kushinda mpaka aone wa upande wa pili ameanguka chini, na alikuwa na shahidi aliyemleta kwa gari.

"Na mama yangu alikuwapo," akasema. "Amekaa naye nyumba moja tangu aolewe. Mama, hebu waambie. Si ndivyo alivyo huyu? Akikubali jambo anasema mh."

Mama mkwe alikuwa amekaa, mkoba mapajani. Alikuja kwa ajili ya mwanawe na alikuwa tayari kusema atakachoambiwa. Mkamwana wake alimwona akijiandaa, akatazama pembeni, kwa sababu hakutaka kumpa yule mama raha ya kuonana naye macho kwa macho.

"Akikubali?" akasema mama mkwe.

"Ndiyo, mama. Anasema mh."

"Akikubali nani? Huyu?"

Alisimama. Alikuwa mfupi, na akisimama hakuongezeka sana, lakini kibaraza kizima kilimgeukia.

"Wewe mtoto wewe," akamwambia diwani wa kata mbele ya wananchi wake. "Miaka yote hii nawaambia nyumba ile natukanwa. Nikakwambia wewe, ukasema mama vumilia. Nikamwambia marehemu, akacheka. Mwenyekiti, nilikuja hapa hapa kwako, nikakaa kwenye benchi hili, nikakwambia mkamwana ananitukana kwa pua."

"Ulikuja," akasema mwenyekiti. "Zaidi ya mara moja."

"Sasa leo mnataka kuniambia ile ilikuwa ndiyo? Kwamba nilikuwa naitikiwa kwa heshima, mimi mjinga sikujua? Kwamba nimezeeka nalalamikia adabu?"

"Mama, sijasema hivyo," akasema diwani. "Kaa chini."

"Sikai. Mnataka kujua alisemaje? Ngojeni niwape."

Akajiweka sawa. Akakunja shingo kidogo upande wa kushoto, kama mkamwana wake anavyofanya, akashusha kope, akamtazama mwanawe tangu viatu mpaka kichwani, akaitoa. Ilianzia juu, ikashuka nusu, ikakatwa kwa pumzi ya pua. Ilikuwa yenyewe kabisa. Kinyozi aliguna kwa mshangao. Mchora mabango nywele zilimsimama, kwa sababu hakuwahi kuisikia mh yake kutoka nje ya kichwa chake, na kwa mara ya kwanza alijua inavyouma.

"Hiyo ndiyo aliyokupa," akasema mama mkwe. "Nimepewa mimi asubuhi na jioni. Naijua kuliko jina langu. Haijawahi kuwa ndiyo, na huyu mwanamke hajawahi kukubaliana na mtu yeyote wa nyumba ile tangu alipoingia. Andikeni hivyo."

Baba mdogo, kwa mazoea, akatafuta kalamu.

Mwenyekiti akaurudisha muhuri kwenye vifungo. "Basi hakukubali," akasema. "Chumba kibaki kama kilivyo. Na vitu vya watu virudishwe ndani na waliovitoa."

"Mama, umeniuza," akasema diwani, kwa sauti ya chini iliyokuwa na chuki ya kweli.

"Sijakuuza. Ulitaka niseme uongo juu ya matusi yangu mwenyewe."

Diwani alipanda gari akaondoka, mama yake akiwa bado amesimama kibarazani na mkoba wake. Watu wakatawanyika wakijaribiana ile mh, na kwa siku nyingi baadaye mtaa mzima uliitumia, hasa gari lile lilipopita.

Wanawake wawili walirudi kwa miguu, njia moja, hawakuongozana. Mkamwana alitangulia, mama mkwe akafuata nyuma akihema, na hakuna aliyepunguza mwendo wala aliyeongeza. Mbele ya mlango wa pande mbili walikuta vitu vyote vimesharudishwa na wapambe, vimerundikwa ovyo ovyo. Bati jipya la diwani lilikuwa bado limeegemezwa ukutani, hakuna aliyekumbuka kulichukua, na mchora mabango aliona palepale kwamba ndilo litakalokuwa bango la zahanati. Alitoa funguo.

Mama mkwe alisimama nyuma yake.

"Wewe," akasema. "Usije ukadhani nimekusaidia. Sikufanya kwa ajili yako. Mimi sikupendi, na wewe hunipendi, na nikifa hutalia. Hayo tuyajue."

Mkamwana hakugeuka. Ufunguo ulikuwa umeshaingia kwenye kufuli.

"Mh," akasema.

Ilikuwa fupi na nzito, ya kutoka kifuani. Mama mkwe alibaki pale pale, mguu mmoja mbele. Alikuwa akizijua mh zote za mwanamke yule, za kuuliza, za kuvuta, za pua, lakini hii alikuwa akiisikia kupitia ukuta tu, wakipewa wateja. Yeye hakuwahi kupewa. Alielewa kwamba ameambiwa ndiyo, ya kwanza tangu mwanawe alipomleta mtu huyu nyumbani. Akakaza mkoba wake kwapani, akaenda jikoni kwake, akafunga mlango.